Pikipiki Isiyofika Guta

Mke wangu Pelagia alikuwa kwao Guta, mimi nilikuwa Butiama, na katikati yetu kulikuwa na pikipiki inayochemka. Nikieleza hivyo watu hucheka. Wacheke. Mwaka ule wa themanini na sita nilikuwa bwana mifugo, mtu wa kuchanja ng'ombe na kugawa dawa ya kupe kila zizi kuanzia Butiama hadi Buswahili, mtu mzima anayeamkiwa na wazee wenye mifugo mia, na bado nikilala nilikuwa nabanana ukingoni mwa kitanda kumwachia nafasi mtu ambaye hayupo.

Aliondoka baada ya Krismasi kwenda kumuuguza mama yake. Mama akafariki mwezi wa tatu. Nilikwenda kuzika kwa lori la ofisi pamoja na wenzangu, na lori lilipogeuza jioni nami niligeuka nalo, kwa kuwa ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwenye mifugo na minada imefungwa. Pelagia alibaki amalize matanga. Sasa, kwa akina Masatu, ukoo wa mke wangu, binti aliyeolewa akimzika mama yake harudi peke yake kwa mumewe. Watu watasema amefukuzwa kilioni. Mume ndiye anayekuja kumchukua, siku aliyopangiwa na baba mkwe, na mbele ya wazee anasema kwa kinywa chake kwamba nyumba yake ina baridi. Hapo mke anakabidhiwa mzigo wake na wanaondoka. Ni jambo la asubuhi moja. Mimi lilinishinda kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda basi. Basi lipi? Waliozaliwa juzi wanadhani mabasi yalikuwapo siku zote. Miaka ile basi la Bunda lilipita likitaka, na lisipotaka lilikuwa limelala gereji likisubiri tairi. Malori ya pamba yalikuwapo, lakini ukiyapungia mkono dereva naye anakupungia, anapita. Tena nilikuwa na neno langu moyoni. Pelagia nilimtoa kwao juu ya pikipiki, Guta nzima ikitazama, shela lake limefungwa fundo lisije likaingia kwenye mnyororo. Nisingeweza kurudi pale nikining'inia juu ya marobota. Mkwe hafiki mbele ya wazee akiwa na pamba nyweleni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mradi, ya Kijapani, nyekundu iliyopauka. Mbele, kwenye vyuma vya kukinga miguu, ilivaa ngozi ya dume tuliyemchinja siku ya harusi yetu, nyeusi yenye baka jeupe. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni foleni, chumvi foleni, buti za mpira huzioni hata ukipanga foleni. Pelagia aliniona narudi kutoka Buswahili nimejaa tope mpaka magotini, lile tope jeusi lisilotoka kwenye suruali. Akaiteremsha ngozi ukutani, akailainisha kwa samli, akaikata, akaishona kwa sindano ya magunia, na jioni moja nikaikuta pikipiki imevaa aproni. Toka siku hiyo nilifika kazini miguu mikavu. Wenye ng'ombe walinitania kwamba nisisahau kuichanja na hiyo.

Alipoondoka, nguo zake alikwenda nazo. Mkono wake ulibaki kwenye ile ngozi. Siku moja ikawa inapigapiga kwa upepo, nikaogopa itachanika, nikachukua waya nikaikaza kwa chini, kushoto na kulia, kwenye vyuma vya kukanyagia. Ikatulia. Kila Jumapili baada ya misa nikawa naipaka samli, na samli wakati ule haikuwa kitu cha kupaka paka ovyo. Niliipata kwa kuwa ng'ombe wa watu wananijua.

Baba mkwe, mzee Masatu, alinipangia Jumamosi ya kwanza, mwezi wa sita. Nilitoka na shati jeupe. Mpaka Kiabakari mashine ilikuwa inaimba. Mbele kidogo, kwenye kilima, ikaanza kuchoka. Naongeza mafuta, haiongezi mwendo. Ikaanza kugonga ndani, ko ko ko, harufu ya oili iliyoungua ikanipanda puani, kisha ikazima. Nilishuka. Hata kiganja huwezi kukisogeza karibu. Nikakaa nikaisubiri ipoe, nikaiwasha, ikaenda mwendo wa kutema mate, ikazima. Nikasubiri tena. Jua lilipoinama nilikuwa bado sijaiona Bunda, na mkwe hafiki jioni kama mwizi wa kuku. Nikageuza. Kurudi nilisukuma na kuwasha, nikawasha na kusukuma, shati jeupe likiwa la rangi ambayo haina jina.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi Bernado Luhende, mjini Musoma, nyuma ya maduka ya Iringo. Niliondoka kukiwa bado na ubaridi, nikawa naipumzisha njiani kama mzee anayekwenda hospitali. Bernado alikuwa fundi mzuri aliyekuwa na mdomo usiofungwa. Alikata zile waya zangu kwa koleo huku akihubiri.

"Bwana mifugo, hii mashine haina rejeta. Gari inapozwaga na maji. Hii rejeta yake ni upepo. Unaona haya mapezi?" Alinionyesha zile bati nyembamba zilizopangana kuzunguka silinda. "Upepo unapita hapa katikati, unachukua joto, unaondoka nalo. Ndani, oili inasaidia. Sasa na hii oili yako, ni ya mashine ama ya kukaangia dagaa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Oili ya miaka ile ilitoka kwenye trekta, ikachujwa kwa kitambaa, ikarudi sokoni inajiita mpya. Lakini mambo yalikuwa yameanza kulegezwa. Maduka ya Iringo, yaliyokuwa na mbao tupu na muuzaji anayesinzia, yalikuwa yanapata vitu, na huulizwi kibali. Tulinunua kopo la oili lililofungwa kiwandani. Nililinusa kama mkate.

Bernado akamwaga ile ya zamani, akaweka mpya, akasugua mapezi kwa brashi na mafuta ya taa mpaka yakang'aa. Ngozi aliikunja vizuri akaitundika kwenye msumari, maana alijua ni ya nani. Tukaijaribu mashine kwenda Kitaji na kurudi, tukaijaribu tena barabara ya kutokea mjini, yeye anaendesha, mimi nyuma nimemshika mabega. Haikuchemka. Akanifungia ngozi kwenye keria, nikarudi Butiama mchana wa jua kali na mashine ikaenda raha mustarehe. Nyumbani nikaivisha ngozi yake, nikatafuta waya mpya, nikakaza. Tunakwenda ukweni, na ukweni huendi mashine iko uchi.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Hongera. Mimi sikuelewa, na Bernado hakuelewa, na kama ungekuwa na mke wako kwao na Jumamosi inakuja, usingeelewa na wewe.

Mara ya pili, Jumamosi niliyopangiwa tena na mzee, mwezi wa nane, ilinizimia palepale kwenye kilima. Nikarudi Iringo. Bernado akafungua plagi akanionyesha.

"Angalia ilivyo nyeupe. Plagi ya namna hii inakuambia mashine inavuta hewa nyingi, mafuta kidogo. Ni kabureta."

Akaifungua kabureta, akapuliza vitundu, akavichungulia kwenye mwanga. Akakagua taiming, plagi isije ikapiga cheche nje ya wakati. Akalinyanyua gurudumu la nyuma akalizungusha kuona kama breki inashika. Akaichoma ekzosi kwenye moto wa kuni mpaka masizi yakatoka vipande vipande. Kila alichokigusa alikitengeneza, na kila alipoijaribu, ngozi ikiwa msumarini, mashine ilikuwa nzima. Alinitazama kwa huruma, nikajua anachofikiri: kwamba tatizo si mashine, ni mimi, nimechanganyikiwa kwa upweke. Hakuwa mbali sana.

Siku zile habari za Guta nilizipata kwa Jeska, binamu yake Pelagia, aliyekuwa anakuja mnadani, minada ikiwa imeshafunguliwa, na beseni la samaki wakavu aina ya ningu kichwani, akilala njiani kwa ndugu. Nilikuwa wa kwanza kwenye samaki zake kabla hata hajapanga.

"Anakula?"

"Anakula, shemeji."

"Analala?"

"Analala."

"Anacheka?"

"Shemeji, mimi nauza samaki."

Nikawa nanunua ningu nisiowahitaji ili nisimame pale zaidi. Jeska alikuwa na sauti ya ukoo ule, wanavyokokota neno la mwisho, na nikifumba macho kidogo niliweza kujidanganya. Nyumbani nilimkumbuka Pelagia kwa mambo ambayo mtu hawezi kumwambia padri wala rafiki. Jinsi anavyowagombeza kuku kwa Kijita cha kwao kana kwamba kuku wa Butiama wanakijua. Jinsi anavyoimba kanisani ubeti wa tatu wakati wote tuko wa pili, na haoni haya. Jinsi asubuhi, mimi nikinywa uji, alivyokuwa anatoka nje kwanza, anatazama mbingu upande wa ziwa, anarudi na ubaridi kwenye nguo. Nilikuwa nataka ule ubaridi. Nilikuwa nautaka mpaka kifua kinauma.

Mnada wa mwisho wa mwezi wa nane, Jeska alikuja kwangu kabla mimi sijaenda kwake.

"Shemeji, mzee amechoka. Jumamosi ijayo wazee wawili wa ukoo watakaa pale kwake asubuhi. Wakikukosa na siku hiyo, ng'ombe zenu zitarudishwa. Ikishakuwa hivyo mimi sitakuwa na salamu ya kukuletea."

Ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekwisha. Hilo halihitaji bwana mifugo kulieleza.

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Tangu ile mara ya pili, hasemi."

Jumamosi ile niliondoka kabla jogoo hajawika, nikiiba ubaridi wa alfajiri. Niliendesha kwa upole, nikiisikiliza mashine kama ninavyosikiliza tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Kiabakari nikapita. Kwenye kilima jua lilikuwa limeshatoka, na mashine ikaanza: ko ko ko, harufu, ikazima. Mahali palepale, karibu na ule mkonge niliosubiri kando yake mara zote mbili.

Nitasema ukweli, nililia. Nilikaa juu ya pikipiki iliyokufa nikalia kwa sauti, mwanamume mzima, na mchungaji mmoja aliyekuwa anapitisha mbuzi akahamisha mbuzi wake upande wa pili wa barabara. Kisha nikashuka nifungue plagi, kwa kuwa mtu lazima afanye kitu. Nikakata waya, nikaiinua ngozi niingize mkono.

Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama unapofunua sufuria ya makande. Nikarudi nyuma. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda kilima, ukaingia pale nilipofunua, na nikasikia vyuma vikianza kulia tik tik tik, vinapoa, haraka kuliko siku zote nilizowahi kukaa pale kuvisubiri. Nikaiachia ngozi ianguke. Kimya. Nikaweka kiganja: joto linarudi, linapanda. Nikaiinua: upepo, tik tik. Nikafanya hivyo tena na tena kama mtoto na mlango. Rejeta yake ni upepo. Mdomo wa Bernado ulikuwa umeniambia siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeufungia upepo nje kwa waya, na kila Jumapili nikaipaka ngozi samli isije ikaacha nafasi.

Lakini ngozi ilikuwapo miaka yote, na miaka yote nilikuwa nafika Bunda, nafika Musoma, mashine haina neno. Hilo ndilo lililonisimamisha. Nikaigeuza ngozi upande wa ndani. Juu kabisa, mahali ambapo mpandaji haoni, kulikuwa na vikamba viwili vya ngozi vilivyoshonwa kwa ule uzi wa magunia. Chini yake manyoya yalikuwa yamelika kwa mistari, mstari juu ya mstari, pale ngozi ilipozoea kukunjwa. Nilipoishika upindo, ikajikunja yenyewe kwa kufuata mistari ile, mpaka juu, na vile vikamba vikafika pale pale vinapotakiwa kufungwa.

Nikamwona Pelagia akilini mwangu. Asubuhi, mimi nina bakuli la uji, yeye ametoka nje ametazama mbingu, kisha amechuchumaa mbele ya pikipiki. Nilidhani anafuta matope. "Leo ni jua," ananiambia. Au, "Leo mvua, Mniko." Nami najibu, "Mh." Siku ya jua na safari ndefu aliikunja, siku ya tope aliishusha. Nilijua kuna siku ngozi iko juu na siku iko chini, kama unavyojua mlango wa jirani uko wazi au umefungwa. Sikuwahi kujiuliza nani anaufungua. Nilipiga magoti pale barabarani, nimeshika kile kikamba, nikamtamani mke wangu kuliko usiku wowote wa mwaka ule.

Nikafunga vikamba, nikasubiri kidogo, nikawasha. Mashine ilipanda kilima, ikateremka, ikaingia Bunda, ikapita sokoni, ikashika njia ya Guta, na upepo ukawa unanipiga miguuni mpaka suruali inapepea. Nilikuwa naimba. Ubeti wa tatu.

Wazee walikuwapo bado. Mzee Masatu alikuwa amekaa na wenzake wawili mbele ya nyumba, nyavu zimeanikwa nyuma yao. Nilizima mashine mbali kidogo kama adabu inavyotaka, nikaenda kwa mguu, nikainama.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mkwe. Kumbe njia ya huku unaijua."

Pelagia alinitolea maji ya kunawa. Alikuwa amekonda shingoni. Aliyamimina polepole mikononi mwangu bila kunitazama, na mimi nilivitazama vidole vyake mpaka maji yakaisha na nikabaki nimenyoosha mikono mikavu. Akaondoka na birika.

Nikaombwa kusema, nikasema. Mungu anisamehe, nilisema vizuri. Niliwaeleza kilima, oili, plagi, kabureta. Niliwaeleza ngozi na vikamba, na jinsi ambavyo kumbe aliyekuwa anaipoza mashine ni mke wangu, na alipoondoka yeye ikawa haina mtu. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Mwingine akasema kisa kama hicho hajawahi kukisikia. Mwishoni nikashusha sauti, nikasema ninavyotakiwa kusema:

"Baba, nyumba yangu ina baridi."

"Maneno yametosha," akasema mzee Masatu, na nilimwona ameridhika. "Mtoto aitwe, aje na mzigo wake."

Pelagia akaja. Hakuwa na mzigo. Alipiga magoti pembeni ya baba yake, akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Mniko," akasema, "Jeska ametoka hapa amekuja huko mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila mnada."

"Anakujaga na nini?"

"Na samaki."

"Nauliza anafikaje."

"Kwa mguu."

"Ngozi nilikuwaga naikunja, ni kweli," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliniingia. "Umelijua leo, nimefurahi. Lakini nikuambie na la kwangu. Ile Jumamosi ya kwanza nilikaa nasikiliza mlio. Ulipokosekana sikuumia sana, nilijua ni mashine. Kesho yake nikakaa naangalia njia. Nikasema, basi, mashine imekataa, sasa anakuja yeye. Nikachemsha maji ya kukukanda miguu. Jumatatu nikachemsha tena. Na ile mara ya pili nikachemsha. Jeska akarudi, akaniambia pikipiki iko Musoma inatengenezwa."

Akamtazama baba yake, kisha mimi.

"Mama yangu amekufa," akasema. "Nilikuwa nataka mtu."

Mzee Masatu alisogeza kiti karibu naye. Kisha akauliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa. "Sasa unasemaje, mwanangu? Ng'ombe zirudi?"

"Zisirudi, baba."

"Basi utaondoka naye?"

"Akija."

"Si huyu hapa, amekuja."

Pelagia alitazama pale nilipoiacha, chini ya jua, ngozi imekunjwa vizuri. "Hapa imekuja pikipiki," akasema.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kazi ya serikali ya kumjibu nayo, nilikuwa na karantini, nilikuwa na umbali, nilikuwa na jinsi ambavyo sijalala. Yote yalipanga foleni nyuma ya meno yangu, na nilipomtazama usoni nikaona kwamba ameshayajibia yote peke yake, siku nyingi, akichochea moto chini ya yale maji. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka ardhini mbele ya mzee Masatu.

"Baba, naomba kuacha huu mzigo hapa kwako."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ili nije, lazima kwanza niwe nimetoka kwangu."

Yule mzee aliyekuwa amecheka akataka kusema kitu, mwenzake akamgusa goti. Niliaga. Pelagia hakunisindikiza, na sikutegemea. Nilipofika kwenye kona nikageuka, nikamwona bado amepiga magoti palepale, lakini uso ameuelekeza njiani.

Bunda nilipita watu wakiniuliza kama pikipiki imekufa. Nikawaambia ni nzima sana. Mbele ya mji, lori la pamba likasimama lenyewe, bila kupungiwa, dereva ananiita kwa jina, bwana mifugo panda twende, nafasi ipo mbele. Miaka yote ile nawapungia wanapita, na siku hiyo likasimama. Nilimshukuru, sikupanda. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua, akaondoka. Kilima changu nilikipanda kwa mguu na kukishuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba pale juu, siku ikiwa safi, ziwa linaonekana.

Butiama niliingia asubuhi ya Jumapili, soli ya kiatu cha kulia imeachia. Jirani yangu bibi Wankyo alikuwa anafagia uwanja. Akaniangalia toka kichwani mpaka kwenye kile kiatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pikipiki iko wapi?"

"Ukweni."

"Na mke wako?"

"Ukweni."

Akaegemea ufagio. "Sasa wewe hapa unafanya nini?"

Nilifungua mlango. Nikanywa maji ya mtungini, nikanywa tena, nikavua viatu nikavaa katambuga zangu za tairi ambazo hazijawahi kwenda ukweni kwa mtu. Kitanda sikukitazama. Nikatoka, nikafunga mlango.

"Napita tu, bibi," nikamwambia, nikashika njia ya Guta.